Ukuta Ambao Simu Ilishindwa Kuusoma

Mimi ni mchora mabango, na nina hasira za karibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akashangaa mbele ya safari. Nimechora maduka, migahawa, vinyozi, magari ya kubebea mizigo, hata mlango wa choo cha gesti moja huko Mitundu, na sijawahi kumruhusu mtu asimame nyuma yangu kunifundisha herufi inavyokaa. Sasa fikiria nilivyojisikia siku nilipoambiwa kwamba simu haijaipenda kazi ya baba yangu.

Baba ndiye aliyenifundisha. Ujana wake aliumalizia Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu, lakini hakuwahi kushuka shimoni. Alikuwa akichora. Kule walikusanyika watu wa kila kabila, wengi wao hawajui kusoma, na kila mmoja ana njaa, ana kiu au anatafuta pa kulala. Mwenye mgahawa akiandika "chakula" peke yake, nusu ya wateja wanapita. Basi wachoraji wa kule wakawa na desturi yao: herufi ya kwanza ya bango inakuwa kitu chenyewe kinachouzwa. Mgahawa unaanza na bakuli lililolazwa ubavu, ndiyo C ya chakula. Duka la viatu linaanza na kiatu. Anayejua kusoma anasoma neno zima, asiyejua anasoma kile kitu, na wote wanaingia mlango mmoja.

Baba alirudi nyumbani Mungaa na desturi hiyo mkononi. Akachora kila penye ukuta uliokubali rangi. Alipofariki nilirithi brashi zake, kopo zake zilizoganda, na ubishi wake. Kuta zake zimekwisha moja moja. Nyingine zilibomolewa wenyewe wakijenga upya, nyingine mvua ilizila kwa sababu zilikuwa za udongo. Ukabaki mmoja tu, wa tofali za kuchoma, kwenye mashine ya kukamua alizeti kando ya barabara.

Ukuta huo niueleze vizuri maana ndio chanzo cha ugomvi wote. Umeandikwa MAFUTA YA ALIZETI. Ila hapa baba hakuishia kwenye herufi ya kwanza. Kila A ni gunia lililofungwa mdomo, pana chini na jembamba juu, na kamba imelikaza katikati. U ni ndoo. Kila T ni jembe limesimamishwa, mpini chini, bamba juu. Kila I ni chupa ya mafuta yenye kizibo chekundu. Herufi zilizobaki ndizo herufi za kawaida, kubwa, na vivuli vyake vya bluu. Kuzunguka maneno yote kuna maua ya alizeti, mviringo baada ya mviringo, kutoka kona hii mpaka kona ile. Nikiwa mdogo nilidhani baba alikuwa anajionyesha tu. Hata nilipokua niliendelea kudhani hivyo, na nilimpenda zaidi kwa sababu hiyo.

Mwenye mashine ni mama mmoja wa rika la baba yangu, mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka bonde. Namwita Mama na yeye ananiita mwanangu. Kwake wakulima wanaleta alizeti zao, wanakaa kivulini wakisubiri zikamuliwe, wanaondoka na mafuta na mashudu ya kulishia mifugo. Asipokuwepo dakika chache kila kitu kinakwenda kombo, maana yeye ndiye anayejua dumu lipi ni la nani na nani kaleta magunia mangapi. Vyote viko kichwani mwake. Hajawahi kukosea, na akitokea mtu wa kubisha, atajuta kwa nini alitoka kwao asubuhi.

Mama huyu ana binti yake anayefanya kazi Dodoma. Ni binti mzuri, sina ugomvi naye, ananiita dada na anaamkia kila anapokuja. Ila ndiye aliyeleta ile habari ya tovuti. Alikuja likizo na simu yake, akatukalisha chini ya kipenu cha mashine, akatueleza kwamba siku hizi wanunuzi wakubwa wa mafuta hawazunguki tena vijijini kuuliza. Wanaingia kwenye tovuti, wanaandika wanachotafuta, wanaletewa wauzaji na picha za maduka yao, kisha wanapiga simu. Akamsajilia mama yake. Tovuti ikadai picha ya mbele ya biashara. Akapiga picha ukuta wa baba, akatuma.

Picha ikakataliwa.

Akapiga nyingine kwa mbali kidogo. Ikakataliwa. Akaja kunichukua nyumbani, nikadhani kuna kazi ya kurudishia rangi.

"Dada, tatizo ni maandishi," akaniambia tukiwa tumesimama mbele ya ukuta. "Mashine ya tovuti haioni jina la biashara."

"Haioni vipi? Hili jina linaonekana toka kule kwenye basi."

"Linaonekana kwa macho yetu. Yenyewe inasoma tofauti."

Nikamwambia anieleze inasomaje, na anieleze taratibu, maana kama kuna mtu anasoma kazi ya baba vibaya nataka kujua kosa lake liko wapi. Akanieleza, na ninakiri alieleza vizuri. Alisema tovuti haina macho. Picha kwake ni madoadoa tu, haya meusi zaidi, haya meupe zaidi. Inatafuta kwanza mahali ambapo madoadoa yamejipanga kama mstari wa maandishi. Ikiupata mstari inaukata vipande, kila kipande inakilinganisha na maumbo ya herufi ilizofundishwa, herufi nyingi mno, za vitabu, za magazeti, za mabango ya mijini. Pale ambapo haina uhakika inaangalia majirani wa kile kipande na kukisia. Maneno yakishapatikana yanahifadhiwa nyuma ya picha, mahali mtu haoni. Na mnunuzi anapotafuta, tovuti haitazami picha hata moja. Inatazama yale maneno yaliyofichwa nyuma yake tu.

"Kwa hiyo picha isiyosomeka haipo," nikasema.

"Ipo, lakini hakuna atakayeipata."

Nikamuuliza kwa nini asiandike tu jina kwa mkono chini ya picha, wakayamaliza. Akasema alishaandika, ila tovuti haiamini. Wauzaji walizoea kuandika chochote, mwenye mafuta ya kuchanganya akajiita safi, asiye na duka akajipa duka. Ndiyo maana ikawekwa sharti kwamba jina lililoandikwa lazima lilingane na jina linaloonekana kwenye picha yenyewe. Sharti nililielewa. Hata mimi nimewahi kuuziwa asali ya sukari.

Kisha akanionyesha kile ambacho tovuti ilisoma kwenye ukuta wa baba. Ilikuwa imeandika M, F, Y, L, Z, E. Magunia yote iliyaruka, majembe iliyaruka, ndoo na chupa iliziona ni uchafu wa ukutani. Na yale maua ya alizeti, yaliyomchukua baba siku kadhaa juu ya ngazi, petali moja moja, iliyasoma sufuri. Sufuri, sufuri, sufuri, kuzunguka ukuta mzima.

Niliicheka kwa sauti, halafu kicheko kikakatika. Ukutani pale kulikuwa na mfuko mtupu wa saruji umeegemezwa, umechanika, una matope. Mfuko ule mashine iliusoma wote, mpaka uzito wake na maelekezo ya kuuhifadhi pakavu. Takataka ya saruji ilisomwa neno kwa neno na baba yangu akaambulia sufuri.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu mwenye jino bovu. Niliazima simu ya binti nikapiga picha kila kitu na kuzipitisha kwenye ile tovuti: bango la kinyozi nililochora mwenyewe, pakiti ya chumvi, kanga iliyoanikwa, ubavu wa lori. Nilitaka kujua adui yangu anaona nini. Nikagundua mambo. Herufi zikiachana inazisoma. Zikiwa na kivuli kikubwa inababaika. Rangi nyekundu juu ya kahawia inaikosa, nyeusi juu ya nyeupe haikosi. Nikaenda kwenye ukuta alfajiri kabla jua halijachora vivuli, nikaufuta vumbi, nikapiga picha kutoka kila upande. Wapi. Gunia lilikataa kuwa A.

Binti akashauri nichore mstari mweupe ndani ya kila gunia ili A ijitokeze. Nilimtazama mpaka akashusha macho. Brashi yangu haitagusa ndani ya gunia la baba. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza makali.

Ndipo lilipotoka lile nililokuwa nikilikwepa. Jioni moja tukiwa tunakunywa chai kipenuni, Mama akaweka kikombe chini, akasema na mimi huku akitazama barabara.

"Mwanangu, mwenzako anasema ukuta upakwe chokaa. Uandikwe upya, herufi za kawaida. Nimefikiri nikupe wewe hiyo kazi, si mtu mwingine."

"Nipake chokaa kazi ya baba?"

"Wewe ndiye mtoto wake. Nani mwingine nimpe?"

"Usimpe mtu, Mama. Uache."

Binti akaingilia kati kwa upole. Akasema alizeti za wilaya nzima zinauzwa kwa simu sasa. Wenzake mama yake, wenye mashine mpya zaidi, wameshaweka mabango ya kuchapishwa mjini na wanapigiwa simu kutoka mbali. Mama yake anazeeka, mashine inahitaji vipuri, wakulima wanahamia kwingine. Nisipochora mimi ataagiza bango la kuchapishwa na litafunika ukuta wote. Hakuwa mkorofi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba kila alichosema kilikuwa kweli.

Lakini na mimi nilikuwa na ukweli wangu, nikausema wote pale pale. Nikawaambia herufi za baba zinasomwa na wazee wanaoleta alizeti kwa punda kutoka vijiji vya ndani. Zinasomwa na watoto ambao hawajaanza shule. Zimesomwa na kila mtu aliyepita barabara hii kwa miaka mingi, ikaja mashine moja isiyojua gunia, isiyojua jembe, iliyofundishwa mabango ya mijini na haikuletwa hata siku moja Singida kuona alizeti zikichanua, halafu yenyewe ndiyo inayotupa sufuri. Kama haijui kusoma, ikasome. Kwa nini mwanafunzi mjinga afutiwe ubao wa mwalimu? Nilisema mengi. Sauti ilinipanda mpaka wakulima waliokuwa wakisubiri mafuta wakageuka kutazama. Sijutii hata neno moja.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nichoree kwanza kwenye ubao. Nione litakavyokaa. Halafu tutajua la ukuta."

Nilirudi nyumbani na nia mbaya. Niliazimia kuchora kitu kikavu, kisicho na roho, ili akione na kukikataa. Nikatafuta ubao, nikaupiga rangi nyeupe, nikachora maneno yale yale kwa rangi nyeusi, herufi zimesimama wima kama askari, bila kivuli, bila ua, bila chochote. Mkono ulinisaliti kwa jambo moja tu: ulichora vizuri. Sijui kuchora vibaya hata nikitaka. Nikaujaribu ubao kwenye tovuti ile ile kwa simu ya jirani, nayo ikausoma mara moja, wote, bila kukosea. Nilitamani kuupasua.

Rangi ilipokauka, asubuhi ya siku ya tatu nikaubeba kichwani mpaka kwenye mashine. Binti alikuwa ameshapanda basi jana yake kurudi kazini. Mama alikuwa peke yake, mashine haijawashwa. Nikamwamkia, akaitikia, nikauegemeza ubao kwenye gunia la mashudu. Akausogelea. Akautazama muda mrefu, akainama, akapitisha kidole juu ya herufi ya kwanza, kisha ya pili, kisha akarudi mwanzo.

"Hapa pameandikwaje?" akauliza.

Nikadhani ananitania, au ananipima. "Mafuta ya alizeti, Mama. Kama ulivyosema."

"Yote yako hapa?"

"Yote."

"Mafuta yanaanzia wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa taratibu, akakaa kwenye kigoda chake, mikono magotini. Nimemjua mama huyu tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Nimemwona akigombana na madereva wa malori na kuwashinda. Nimemwona akiwaonyesha wageni ukuta wake, akiupitia kwa kidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, akitaja kila kitu kilichomo kwa kiburi cha mwenye mali. Mpaka asubuhi ile sikuwahi kuwaza kwamba ukuta ule ndio maandishi pekee duniani aliyoweza kuyasoma.

"Mimi darasani sikuwekwa," akasema. "Walisoma kaka zangu. Mume wangu alipokufa na kuniachia mashine, watu walisema nitaiuza. Baba yako akaja na kopo zake, akaniuliza, nikuandikie nini? Nikamwambia, niandikie kitu ambacho nikiamka asubuhi nitakijua mwenyewe, nisisubiri mtu aniambie. Akakaa akafikiri. Kwingine alikuwa anaweka kitu kimoja, unajua. Hapa akaweka vyote alivyoweza."

Baba hakuwahi kunieleza. Miaka yote niliyomshikia ngazi na kumchanganyia rangi hakuniambia kwa nini ukuta huu una magunia mengi kuliko kuta nyingine zote. Alitunza siri ya mtu mpaka akaingia nayo kaburini, na mimi nikabaki nikidhani alikuwa anajionyesha. Machozi yalinitoka waziwazi, sikuyaficha, na Mama hakujifanya hayaoni.

"Sasa huu," akasema akiuelekezea mguu ubao wangu mweupe, "ni mzuri. Umenyooka. Lakini mimi hapa ni mgeni. Unataka nikae mlangoni kwangu kama mgeni?"

"Sitaki, Mama. Sikutaka tangu mwanzo."

"Najua. Ulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia." Akacheka kidogo. Kisha nikaona yale mahesabu yake ya kichwani yanafanya kazi. "Hii mashine ya mtandao. Inajua ubao umewekwa wapi?"

Nikaanza kumjibu, nikaishia njiani. Haijui. Haina macho, haijui ukuta, haijui mlango, haijui kama kilicho mbele yake ni jengo au ubao ulioegemezwa kwenye gunia la mashudu na mbuzi anaulamba pembeni. Inataka mstari wa herufi inazozijua, basi. Mimi niliyekuwa nimeichunguza siku zote zile kwa hasira nilikuwa nimelisahau hilo, nikaambiwa na mama huyu kwa swali moja.

Nikamfukuza mbuzi. Tukaubeba ubao mpaka mbele ya mlango tukauegemeza, mashine za kukamulia zikionekana nyuma yake, mafuta ya jana yakiwa kwenye madumu yake, kila kitu cha kweli na cha kwake. Ukuta wa baba tuliuacha nje ya picha. Nikapiga picha kwa simu ya Mama, nikaituma kwa binti, naye akaipeleka kwenye tovuti. Hatukumaliza hata chai. Simu ikaita.

Nilimwekea Mama kwenye spika. Sauti ya binti ilikuwa juu kwa furaha.

"Shikamoo Mama! Imekubali! Nimeandika 'mafuta ya alizeti' kwenye kutafuta, umetokea! Mwambie dada ahsante sana. Sasa ukuta wenyewe anaanza lini? Maana wateja wakija wakute kama kwenye picha."

"Marahaba, mwanangu. Ukuta haupakwi."

"Mama, tulishakubaliana."

"Mashine yenu nimeshaipa ubao wake, iusome mpaka ichoke. Mteja akija, dada yako atamtundikia hapo mlangoni auone. Ukuta ni wangu, na ninausoma mwenyewe."

Nilisikia magari ya Dodoma yakipita nyuma ya binti. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya mtoto, kwa sababu yeye alijua siku zote lile ambalo mimi nilikuwa nimelijua asubuhi hiyo.

"Tangu lini unasoma, Mama?"

Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo ili asimkose hata neno.

"Tangu siku baba yake huyu alipouchora."